Mstari Huu ni wa Nani?

Nyumba yenye ugomvi wa kelele haiogopeshi sana. Watu wakishatukanana wakachoka, njaa huwapatanisha. Nyumba ya kuogopa ni ile ya ugomvi wa adabu, ambamo mume na mke wanapishana kwenye korido kwa "samahani" na "hamna neno", na hakuna anayemuuliza mwenzake swali. Jambo hili liliingia katika nyumba ya namna hiyo. Halikupiga hodi, kwa kuwa kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyelikaribisha.

Mwanamke tumwite Mama Kijino, kama mtaa mzima ulivyomwita. Kijino alikuwa binti yake wa darasa la kwanza, aliyeng'oka meno ya mbele akabakiwa na moja tu, na hilo moja akawa analionyesha kwa kila mgeni. Mtoto alikuwa na jina lake la kweli, zuri, alilopewa na bibi yake. Hapa sitalitaja, na ukifika mwisho hutaniuliza kwa nini.

Baba Kijino alikuwa mwandishi wa hadithi za kutisha. Aliwahi kutoa riwaya nene ya majini ambayo watu waliisifia bila kuinunua, na nakala zake zilikuwa bado zimelala ndani ya maboksi chini ya kitanda. Mkewe alikuwa fundi wa kuandika mabango ya maduka, mwenye mkono usiotetemeka hata akipigiwa honi mgongoni. Siku moja mume akasema, kama watu hawataki kusoma majini, basi wayaone. Wakaigeuza riwaya kuwa kitabu cha katuni, toleo baada ya toleo.

Kazi waliigawana. Asubuhi, mke akiwa kazini kwake, mume alichora kwa penseli katika chumba cha kazi, kilichokuwa stoo. Alasiri, mume akiwa amekwenda kufundisha uchoraji, mke alirudi na kupitisha wino juu ya penseli ile. Hawakuwa na muda wa kubuni nyumba, kwa hiyo nyumba ya kwenye katuni ilikuwa hiyohiyo yao: geti lenye bawaba iliyofungwa kwa waya, sebule yenye kiti kilichobonyea, korido yenye kigae kilichopasuka, kisha chumba cha mtoto.

Mama Kijino alikuwa na mazoea yake: macho huwekwa mwisho. Alimaliza ukurasa mzima, nguo, kuta, nywele hadi kucha, watu wote wakiwa na nafasi nyeupe usoni. Kisha aliosha brashi, akanywa chai, akarudi kuwatia macho wote kwa mkao mmoja. Alisema ukimtia mtu macho mapema anaanza kukutazama unavyomchora, na mkono unaona haya.

Ugomvi ulianza siku ya kuzindua toleo la kwanza. Alikuja mtayarishaji wa filamu, bwana mwenye miwani ya jua hata ndani ya nyumba, akashika kitabu akauliza, "Kazi yote hii umeifanya peke yako?" Baba Kijino akacheka, akasema, "Tunajikongoja tu, mkubwa." Juu ya jalada palikuwa na jina lake peke yake. Mkewe alikuwa amesimama kando yake na sinia la soda. Alirudi nyumbani akafua nguo zilizokuwa safi.

Tangu hapo kurasa zikawa zinapita kati yao bila maneno, kwenye bahasha kubwa ya kahawia iliyoachwa mezani. Mume aliona mke amenuna na akaogopa kuuliza. Mke aliona mume hajaomba radhi na akakataa kuanza yeye. Ukimya ukakaa, ukazoeleka, ukawa kama mpangaji wa nne.

Alasiri moja Mama Kijino alitoa ukurasa kwenye bahasha akakuta kitu kidogo kisicho cha kawaida. Fremu moja, yaani kisanduku cha picha, ilionyesha geti la nyumba, shujaa wa hadithi akifungua kufuli. Ng'ambo ya barabara, nyuma kabisa, amesimama mwanamke. Alikuwa mdogo kama kijiti cha kiberiti, amejifunika shuka kichwani, penseli yake hafifu hivi kwamba ilibidi Mama Kijino ainamishe taa. Mikunjo ya shuka ilianguka vizuri mno. Na hapa duniani hakuna kitu Mama Kijino alichopenda kukitia wino kama mikunjo ya nguo, na mumewe alilijua hilo.

Moyo wake ukalainika kidogo. Alijiambia, bwana huyu ameshindwa kuomba msamaha kwa mdomo, sasa anaomba kwa penseli. Akamtia wino yule mwanamke taratibu, kwa brashi ndogo kuliko zote, akafurahi.

Angeweza kumuuliza mumewe ni nani huyo. Lakini kuuliza kungeumbua jambo jingine, nalo ni kwamba hakuwahi kuimaliza ile riwaya. Alikuwa amekomea sura ya nne, mahali ambapo mvua ilinyesha kurasa nyingi mfululizo. Akadhani mwanamke wa shuka yuko huko mbele, katika sura alizozikimbia. Akanyamaza.

Toleo lililofuata, mwanamke alikuwa ndani ya geti. La baada yake, alikuwa sebuleni, nyuma ya kiti kilichobonyea, na shujaa ameketi hana habari. Kila mara alikuwa hafifu, kila mara mikunjo ilikuwa mizuri kuliko ya kwanza, na uso wake umeachwa mweupe bila mstari wa penseli, naye Mama Kijino akauacha hivyo. Wasomaji walimpenda kwa kumwogopa. Walimwita Mama wa Nyuma. Vijana walinunua toleo jipya wakafungua haraka kumtafuta amefika wapi, bila hata kusoma hadithi. Mtayarishaji naye akapiga simu akasema filamu itafanyika, ila wamalizie kwa kuonyesha sura yake. "Watu wanataka macho," alisema. "Bila macho sina filamu."

Kisha nyumba ikaanza kunuka. Haikuwa harufu ya panya aliyekufa wala ya bomba. Ilikuwa harufu ya karatasi iliyolowa ikakaushwa juani, na ilikuwa nzito zaidi mlangoni mwa chumba cha kazi. Mama Kijino alifungua madirisha, akapiga deki kwa dawa, lakini harufu ilirudi kila sakafu ilipokauka.

Alasiri moja ya mawingu alirudi mapema kutoka kazini, akasikia penseli. Mlango wa chumba cha kazi ulikuwa umefungwa, na nyuma yake penseli ilikuwa ikikwaruza karatasi, mstari mrefu, kisha mifupi mifupi, kama afanyavyo mtu anayejaza kivuli. Akadhani mumewe hakwenda kufundisha. Kubisha hakubisha, kiburi kilimkaba. Lakini kwa sababu ya ile mikunjo ya nguo alimimina chai, akaiweka sakafuni mbele ya mlango, akagonga kikombe kwa kijiko mara moja ili asikie, akarudi jikoni.

Alikuwa akikatakata vitunguu geti lilipolia. Baba Kijino aliingia kutoka nje, mabega yamelowa manyunyu, vitabu vya wanafunzi kwapani. Akasema, "Samahani, nimeleta matope." Mama Kijino alikwenda hadi mlango wa chumba cha kazi, na kikombe kilikuwa palepale, kikavu, hakina hata masalia ya majani ya chai. Ndani kulikuwa kimya. Alijiambia ni Kijino aliyekunywa, ingawa Kijino alikuwa bado hajatoka shule. Mtu akiogopa hukubali uongo wowote, mradi uwe mdogo.

Siku iliyofuata akakuta katika bahasha ukurasa uliomkasirisha. Ilikuwa korido, kigae kilichopasuka, halafu chumba cha mtoto. Mwanamke wa shuka alikuwa ameinama juu ya kitanda, na ndani ya kitanda alilala mtoto mdomo wazi, jino moja mbele. Akasema moyoni, sasa huyu mwanamume amevuka mpaka, ananichorea mwanangu humu. Lakini tarehe ya kuchapa ilikuwa imekaribia, na hasira yake ilikuwa ya wale wanaofanya kazi kwa bidii wakikasirika. Akautia wino ukurasa wote, akabakisha macho kama kawaida yake.

Jioni yake alikuwa akimlisha Kijino jikoni. Mtoto alitafuna upande mmoja wa mdomo, akameza, akasema, "Mama, yule mgeni hana macho."

"Mgeni gani?"

"Wa chumba cha kazi. Ameniomba nimwazime yangu." Akalamba kijiko. "Nimemwambia mimi siazimishi mtu kitu mpaka nimuulize mama. Kwa hiyo nauliza."

Mama Kijino aliweka sahani chini polepole. Ilikuwa kweli, hiyo ndiyo kanuni aliyomfundisha, baada ya vifutio na rangi kupotelea shuleni. Alimnyanyua mtoto, mkubwa hivyo, akampakata kiunoni, akaenda sebuleni alikokuwa mumewe akisahihisha kazi za wanafunzi. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Baba Kijino. Huyu mwanamke ulimtoa wapi?"

"Mwanamke gani?"

"Usinifanyie hivyo. Wa shuka."

Mumewe akainua macho. Lilikuwa swali la kwanza aliloulizwa tangu siku ya uzinduzi, na uso wake uling'aa kwanza kabla ya kuelewa. "Mama wa Nyuma? Si wewe uliyemwongeza?"

"Mimi napitisha wino juu ya penseli. Penseli ni yako."

"Sijawahi kumchora, hata mara moja. Nilikuwa nakuta wino tu, umekauka." Akashusha sauti. "Nikadhani ndivyo ulivyoamua kunisemesha. Nikadhani umenisamehe."

"Na mimi nikadhani unaomba msamaha."

"Kwenye riwaya hayumo," alisema mume. "Wewe si umeisoma? Hayumo kabisa."

Wakatazamana, na katika kutazamana kule kila mmoja alihesabu kimya kimya miezi yote waliyokuwa wakijibizana kwa upole kupitia mtu wa tatu, huyu akishukuru, yule akisamehe, na hapo ndipo wote wawili, mtoto akiwa kiunoni mwa mama yake na mkono wa baba ukiwa bado na kalamu nyekundu, waliposikia kutoka mwisho wa korido, nyuma ya mlango ambao hakuna aliyeufungua tangu alasiri, penseli ikivuta mstari mrefu, ikatua, ikavuta mwingine, bila haraka, kwa mazoea ya mtu aliye kwenye kazi yake.

Walilala sebuleni wote watatu kwenye godoro moja, taa zikiwaka. Kulala ni neno tu.

Palipokucha walikwenda kwa Mama Vichupa. Huyu aliwatibu watu kwa dawa za mizizi katika chumba kilichojaa chupa tupu na zenye kitu, naye alikuwa mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na mdomo usio na breki. Walipoanza kueleza, aliinua mkono, akavuta droo, akatoa matoleo yote ya katuni yao.

"Ninamfuatilia," alisema. "La korido limeshatoka?"

"Mama, huyu ni wa kweli," alisema Baba Kijino.

"Naona ni wa kweli, baba. Nilidhani mnajua mnachofanya." Akafungua ukurasa wa geti, akauweka karibu na pua, akanusa, akaufunga. "Ninyi mnaandika majini, mnachora majini, mnayataja mchana kweupe mwaka mzima, halafu nyumba yenyewe haina mazungumzo. Mlitaka aje nani, fundi bomba?"

Hakuna aliyecheka, ila Kijino aliyeonyesha jino lake.

Mama Vichupa akawaeleza taratibu. Kiumbe yule hana mwili. Mwili wake ni mistari ambayo haina mwenyewe, ile ambayo mume anadhani ni ya mke na mke anadhani ni ya mume. Kuchana karatasi hakutasaidia, nakala ziko mikononi mwa watu. Lazima atolewe kwa njia aliyoingilia, fremu kwa fremu, kutoka kitandani hadi nje ya geti, na wachore wakiwa pamoja meza moja. "Kila mstari mtakaoupiga, semeni kwa sauti ni wa nani. Usipite hata mmoja bila mwenyewe. Macho msimtie, hata akiomba vipi. Na huyu mtoto asimpe kitu." Akavua miwani. "Asiye na chake huomba kidogo kidogo. Asimpe chochote. Mmenisikia? Hata uzi."

Njiani Mama Kijino alichuchumaa mbele ya binti yake akamshika mashavu. "Sikiliza mwanangu. Macho yako ni yako. Usimwazime mtu macho yako, hata akilia. Sawa?"

"Macho simpi," alisema Kijino.

Walianza kazi asubuhi hiyohiyo, mvua ikinyesha, dirisha limefungwa. Mtoto hawakutaka awe mbali nao hata hatua moja, kwa hiyo walimweka chini ya meza, miguuni pao, na mdoli wake wa kitambaa. Harufu ya karatasi iliyolowa ilikuwa nzito hivi kwamba waliionja ulimini. Mume akashika penseli.

"Mstari wa kitanda. Wangu," alisema.

"Wino wa kitanda. Wangu," alisema mke.

"Mkono anaounyanyua. Wangu."

"Kivuli cha mkono. Wangu."

Fremu ya kwanza ilikwenda. Ya pili, mwanamke alipaswa kugeuka na kuwapa mgongo, na hapo karatasi ikagoma. Penseli ilivuta kana kwamba kuna mtu ameishika ncha upande wa chini. Brashi ya Mama Kijino ikawa nzito, na wino ulipogusa shuka ulitawanyika wenyewe, ukichora mkunjo ambao hakuukusudia, kisha mwingine, mizuri, mizuri kuliko yote aliyowahi kuitia wino maishani, na mkono wake, mkono uleule usiotetemeka, ukaanza kuelea kuelekea mahali pa uso, palipokuwa peupe pakimngoja, na akajikuta akiwaza kwa utulivu kabisa kwamba jicho ni kitu kidogo, nukta na upinde, na kwamba ingekuwa roho mbaya kumnyima mtu nukta na upinde.

"Mama Kijino," mumewe alinong'ona. "Sema. Mikunjo hiyo ni ya nani?"

"Sijui."

"Ni yako." Akamshika kifundo cha mkono. "Mikunjo hiyo ni ya mke wangu. Yote ni yake, tangu toleo la kwanza. Kuta ni zake, nywele ni zake, kila kilichowapendeza watu ni chake. Yule bwana aliponiuliza kama nimefanya peke yangu, nilitaka kuonekana mkubwa, nikanyamaza. Nilikuona umesimama na sinia. Nilikuona, na nikanyamaza."

Chozi lilianguka kwenye ukingo wa ukurasa. Mama Kijino alilifuta kwa kiwiko. Chini ya meza mtoto alikuwa akinong'onezana na mdoli wake, kwa sauti ya watoto wanaposhauriana mambo yao.

"Na mimi sijaimaliza riwaya yako," alisema mke.

"Najua."

"Unajua?"

"Karatasi uliyoiweka kuwa alama bado iko sura ya nne. Kwenye mvua."

Akacheka, na kicheko kikamtoka pamoja na makamasi, na mume naye akacheka, na katika kucheka kule brashi ikawa nyepesi. "Mkunjo huu ni wangu," alisema Mama Kijino. "Na huu ni wangu. Na huu." Mwanamke wa shuka aligeuka. Walimpitisha kwenye korido, juu ya kigae kilichopasuka. Walimpitisha sebuleni, nyuma ya kiti. Kila mara "wangu", "wangu", sauti zao mbili zikipokezana hadi koo zikakauka. Fremu ya mwisho ilikuwa geti limefungwa, bawaba na waya wake, na barabara tupu. Mama Kijino alipopiga mstari wa mwisho wa waya, mvua ilikuwa imekatika, na chumba kilinukia wino na penseli iliyochongwa, hakuna kingine.

Mtoto alikuwa amelala miguuni mwao, mkono juu ya mdoli.

Mume ndiye aliyetaka jalada lishughulikiwe kabla ya yote. Akasema majina yawe mawili, na la mkewe litangulie. Mama Kijino aliyaandika kwa mkono wake wa mabango, herufi nene zenye kivuli, akaliacha jalada mezani likauke. Kesho yake asubuhi alikwenda kazini, na Baba Kijino akalibeba pamoja na kurasa hadi kwa mchapishaji. Mtayarishaji alipiga simu kulalamika kuhusu macho. Baba Kijino akamwambia hadithi imeishia hapo ilipoishia, na kwamba siku nyingine akitaka kuzungumza kazi, azungumze na wote wawili.

Siku zilizofuata zilikuwa njema. Waliongea hadi wakachoshana. Mama Kijino aliisoma riwaya mpaka mwisho, akamwambia mumewe kweli mvua ilizidi, na mume akakubali. Penseli ilisikika asubuhi tu, na mwenye kuishika akionekana. Kitu pekee kilichomsumbua kilikuwa neno la mwalimu wa Kijino, aliyemsimamisha kwenye geti la shule akasema mtoto siku hizi haitiki anapoitwa jina darasani, mpaka aguswe bega. Mama Kijino akaona ni uchafu wa masikio. Nyumbani, ambako kila mtu alimwita Kijino, aliitika vizuri tu.

Boksi la nakala mpya lililetwa alasiri yenye jua. Walilifungua sebuleni. Kijino alikuwa sakafuni akikata karatasi kwa mkasi butu, ulimi nje. Mama Kijino akatoa nakala ya juu, akatazama jina lake, la kwanza kabisa, na kifua kikamjaa. Kisha akaona kwamba majina yalikuwa matatu. Chini ya la mumewe, kwa herufi zilezile nene zenye kivuli, liliandikwa jina la kweli la binti yao, lile alilopewa na bibi yake.

"Baba Kijino," alisema kwa furaha. "Umefikiria jambo zuri."

"Lipi?"

"Kumweka mtoto."

Mumewe alikuwa akitabasamu. Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilichelewa usoni, halijui liende wapi. "Nilikuta umeshamwandika," alisema. "Nikasema moyoni, angalia mke wangu alivyo. Mwandiko si wako huu?"

Mwandiko ulikuwa wake. Aliupitishia kidole. Hakuuandika yeye.

"Si nilimwazima," alisema Kijino bila kuinua kichwa. Mkasi ulikuwa ukizunguka umbo la nyumba. "Macho nilimkatalia, mama, kama ulivyosema. Akasema basi jina. Nikampa, kwa sababu jina si kitu. Shuleni tuko wawili wenye jina langu, na hakuna aliyepungukiwa."

"Lini?" aliuliza baba yake, kwa sauti ndogo mno. "Ulimpa lini?"

"Siku ile nilipokuwa chini ya meza. Mlikuwa mnasema huu wangu, huu wangu. Na yeye hakuwa na chake hata kimoja. Nilimwonea huruma."

Harufu ilirudi pole pole, kama maji yanavyopita chini ya mlango. Mama Kijino alipiga magoti sakafuni karibu na binti yake, karibu kiasi cha kuona jino jipya likichungulia penye pengo. Hakutaka kufanya alichokuwa karibu kukifanya. Akalitamka lile jina, lote, taratibu, kwa sauti aliyomwitia mtoto siku alipozaliwa.

Mtoto aliendelea kukata karatasi yake, hakugeuka, kana kwamba ameitwa mtoto wa jirani.

Mwisho wa korido, nyuma ya mlango uliofungwa, penseli ikawekwa chini, na sauti ya mtu mzima, yenye heshima zote, ikaitika, "Abee, mama."